Sista Kemuma na Kifo cha Mkata Miwa

Bwana Maranga, mkubwa wa afya wa kaunti ya Migori, alimvuta Sista Kemuma kando, mbali kidogo na waombolezaji. "Ukiitwa, sema moyo ulisimama. Basi. Si uongo."

"Moyo wa kila maiti umesimama, daktari," Kemuma akamjibu. "Swali ni nini kimeusimamisha."

"Mambo ya hali ya hewa si ya matanga. Wenye mashamba ya miwa wameleta ng'ombe na hema. Ukiwaaibisha hapa, usinililie ukijikuta umehamishwa huko hata stima hakuna."

Kemuma alikuwa amechoka na vitisho hivyo. Tangu joto lianze kuwaangusha wakata miwa kule Migori, yeye na wauguzi wenzake walikuwa wamebisha hodi kila ofisi: miwa isikatwe jua la utosi, wakataji wapewe maji na kivuli, miti iliyobaki isiguswe, na kaunti itangaze joto kali kama inavyotangaza kipindupindu. Kila ofisi iliwashukuru sana kwa kuja. Shukrani hazikumpoza Levi, mmoja wa wakataji. Aliletwa kwenye kituo chao cha afya kwa pikipiki, amebanwa katikati ya wenzake asianguke, haongei, ngozi kavu inachoma kama sufuria. Walimmwagia maji, wakampepea kwa katoni, wakamtundikia dripu. Alikata roho kabla ambulensi haijafika.

Sasa alikuwa kwao Rangwe, ndani ya jeneza, siku ya Ijumaa kwa kuwa familia ni Wasabato na Jumamosi hawaziki. Lakini aliyemleta Kemuma hapo alikuwa mjane wake, Cate, aliyempigia simu akinong'ona: "Sista, wanasema nimemuua mimi."

Katika boma lile, kama kwa Wajaluo wengi, mbegu ina mpangilio. Mama mkwe hupanda kwanza, mke wa mwana hufuata. Kumtangulia ni kuita chira, laana inayokula watu wa nyumbani. Mwaka huu mvua ilikuja mapema, bila kuheshimu kalenda wala mtu. Mama Roselyn, mamake Levi, akasema hiyo ni mvua ya kudanganya, akangoja ya kweli. Cate alikuwa na watoto wa kulisha. Akapanda. Mvua ya kweli haikuja kabisa. Mahindi ya Cate yakaota kwa mvua ile ya kwanza, shamba la mama mkwe likabaki vumbi, kisha Levi akafa. Watu wakajumlisha. Mazishi yakiisha, Cate angerudishwa kwao Kosele na watoto wangebaki.

Maurice, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeshika maikrofoni. Alipouliza nani ataeleza ugonjwa uliomchukua mtoto wao, Maranga akasimama akitengeneza tai. Kemuma akampita na sare yake nyeupe, akaichukua maikrofoni.

"Natoka Kisii, na Dholuo yangu ni ya kununulia samaki tu, kwa hivyo mtanivumilia na Kiswahili." Watu wakacheka kidogo. "Levi alifia mikononi mwangu. Ameuawa na joto."

"Jua limekuwako tangu babu zetu!" mtu akapaza sauti.

"Si hili! Waulize wazee kama walibebwa kutoka shambani hawajui hata majina yao. Mimi nawapokea kila kiangazi. Na mvua je, ilikuja wakati wake? Moshi wa viwanda vya dunia umeharibu hewa, na sisi hapa tumekata miti iliyokuwa ikitusitiri. Kilichovuruga mvua ya Mama Roselyn ndicho kilichompika mwanawe. Na waliomnyima Levi kivuli, wenyewe wamekaa pale chini ya hema!"

Maranga akatoa ishara, na maikrofoni ikazimwa. Kemuma aliiweka mezani. Kwenye kituo chake, ambako stima hukatika kila mara, alikuwa amezoea kufundisha umati wa akina mama kwa koo lake tu.

"Nihamisheni! Nitakakopelekwa, jua ni hilihili. Jumatatu wauguzi wa Migori na Homa Bay tunaingia ofisi ya kaunti kule Migori na sare zetu, na hatutoki mpaka waseme miwa haikatwi tena saa za jua kali. Lakini huyu," akamwonyesha Cate, "msimzike pamoja na mumewe."

Maurice hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sista, ugonjwa tumeusikia. Lakini mbegu ilitangulia mkono wa mama. Hilo si la hospitali."

Kemuma alimweza Maranga, lakini mila ya watu hakuwa na ruhusa ya kuifungua. Aliogopa, akaona amekuja bure. Akabaki kumtazama Mama Roselyn.

Mama Roselyn akainuka polepole, mkono ukishika kiti. Wote walidhani anaelekea kwenye jeneza. Akalipita, akaenda kusimama mbele ya mkaza mwanawe, ambaye hakuthubutu kuinua macho.

"Mbegu zangu ziko kwenye debe mpaka leo," alisema, naye hakuhitaji maikrofoni. "Niliingoja mvua ninayoijua. Haipo tena." Akamgeukia Maranga. "Jumatatu nakuja na sista. Mtanieleza mimi, mamake Levi."

Kisha akamshika Cate kidevu, akamwinua uso mbele ya watu wote.

"Nyathina, mwanangu, mwaka ujao mvua ikinyesha, panda. Usiningoje."