Chupa ya Maji Chini ya Tuta

...na nikiitikisa tena itabidi nianze upya, kwa hiyo naishika wima, ni chupa ya jemu tu, maji yanayovuja chini ya tuta nimeyakinga, dakika tano yatuame, yakibaki maangavu ni maji yanayojipitia kama kila Aprili theluji inapoyeyuka, yakiwa na tope basi tuta linaliwa kwa ndani na mzee Lussier hana bwawa tena, na mzee mwenyewe huyu hapa, miaka sabini na minane, buti zimezama kwenye matope na mdomo haunyamazi, "Injinia, hayo maji unayakagua au unayaombea dua?", nacheka, ninayaombea kweli, yawe maangavu niende zangu, nina mabwawa mengine matatu leo na barabara za Vermont mwezi huu ni uji mtupu... "Miaka sita iliyopita uliniandikia hatari ndogo," anasema, "ile karatasi nimeitia fremu, iko jikoni," nami nainua macho, naona kule bondeni, pale palipokuwa na uzio na jiwe la chumvi la ng'ombe, nyumba, nyumba mpya ya mbao, inatoa moshi, na kwenye kamba soksi ndogo ndogo ambazo hata kidole gumba changu hakiingii... "Ya nani ile?" "Ya Corinne wangu, karudi na mtoto, alitaka kujenga kule juu kando ya barabara, nikamwambia mwanangu, huko kuna upepo, jenga hapa chini, serikali yenyewe imesema bwawa alilojenga babu yako halina neno"... halina neno, mimi sikusema hivyo, niliandika hatari ndogo kwa sababu chini palikuwa na ng'ombe na nyasi, daraja lile la hatari halipimi uimara wa tuta, linapima nani atakufa tuta likipasuka, ukuta mbovu juu ya malisho matupu ni hatari ndogo, ukuta imara juu ya kitanda cha mtoto ni hatari kubwa, sisi tunafundishwa hilo mwaka wa kwanza kazini, yeye angejuaje, na siku ile alipojipiga paja akasema "Baba angekuwepo asikie!", nilimtazama, nilijua amenielewa vibaya, nilijua, ila donati zilikuwa mezani, mkewe alikuwa hai bado, anamimina kahawa, nikaona haya kumharibia mzee wa watu furaha yake, nikatia sahihi, nikala donati mbili nikaaga, na haya yangu hiyo ndiyo iliyoijenga nyumba ile... usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini ukuta huu hauna ufa, nimeukagua hatua kwa hatua, ufa uko kwangu... Corinne ametoka kibarazani, mtoto kiunoni, anapunga mkono, "Mpungie basi, mbona roho ngumu hivyo," anasema mzee, nami mkono mmoja una chupa na mwingine una fomu, pale palipoandikwa wanaolala chini ya tuta mwaka ule niliweka sifuri, leo nikiandika wawili karatasi ya jikoni imekufa, serikali itamwambia alijenge tuta upya au alimwage bwawa la baba yake, naye atanitazama, atajua nani alimlaza mjukuu wake pale, na naogopa macho hayo kuliko ninavyoogopa tope, lakini nikinyamaza mara ya pili sitakuwa na donati ya kusingizia... maji yametulia, naiinua chupa kwenye mwanga, maangavu, hata chembe moja hakuna, "Nilikwambia!" anapiga makofi, "Haya, andika kama mwaka ule, twende kwa Corinne, ameoka pai," nami siondoki, namuuliza, "Mzee Lussier, kitanda cha mtoto kiko upande gani wa nyumba?" "Upande huu huu," anasema kwa fahari, "hapati usingizi bila kusikia maji yetu," nami bado nimeinua chupa, maangavu vilevile, "Kaa kidogo hapa kwenye nyasi, mzee wangu," nasema, "mwaka ule kuna kitu sikukwambia."