Kitambaa Chenye Mafundo Matatu

Jumanne, tarehe 11 Februari 1997. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepungua ikabaki manyunyu, lakini msitu mzima ulikuwa ungali ukidondosha maji, na ukungu ulikuwa umeulalia mto Iaco hata ng'ambo isionekane.

Deuzuite aliamka mgongo umelowa. Ilikuwa asubuhi ya nne mfululizo hapo kambini. Alipapasa turubai lililokuwa juu yake: halina tundu. Akazikagua pembe zake nne: zimekazwa. Hata hivyo machela yake ya pamba, aliyosukiwa na mama yake mzazi, iliyoning'inia kwa kamba kati ya miti miwili, ilikuwa chepechepe kutoka kichwani hadi kiunoni. Kikohozi kikampanda. Akakizima kwa blanketi, asisikike.

Alisikika.

"Shemeji, kifua hicho hakinipendezi," alisema Joventino, mdogo wa marehemu mumewe, akichochea moto. "Adamor mwenye mashua anapita leo. Panda, ukapumzike mjini."

"Na njia yangu ya kokwa ataiokota nani?"

"Si mimi nipo?"

Neno hilo lilimchoma Deuzuite kuliko kikohozi. Kwenye mto ule hakuna aliyekuwa na hati ya miti. Njia ya kokwa, yaani kijia kinachopita kwenye miti inayodondosha kokwa za kuuza, ilikuwa ya yule anayeiokota. Ukiiacha msimu mmoja, aliyeiokota ndiye mwenyewe. Mumewe alifyeka njia ile kwa miaka ishirini na miwili, miti themanini na mitatu, kisha Agosti akafariki. Deuzuite hakuwa na kingine cha kumlisha.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Usiku wa kwanza alilowa, akadhani amekosea kufunga, kwa maana misimu yote mumewe ndiye aliyemtundikia machela; yeye alipanda tu akalala. Lakini jioni ya pili alipotaka kupanda, alikuta kitambaa kimefungwa kwenye kamba, upande wa kichwa, mafundo matatu, ncha zake zikining'inia. Alikitambua kile kitambaa. Kilichanwa kutoka shati la buluu la marehemu, ambalo yeye mwenyewe alimpa Joventino baada ya arobaini. Huko alikozaliwa, nguo ya maiti yenye mafundo kichwani pako ilikuwa na maana moja tu. Alikifungua, akasali Baba Yetu mara tatu, akakitupa motoni. Akalowa. Jioni ya tatu akakuta kingine, akakichoma. Akalowa. Jana pia.

Basi leo alijitwika kikapu, akachukua panga, akaaga kama kawaida. Alipofika pasipoonekana, alizunguka kwa nyuma akajibanza kwenye mzizi mpana wa mti, nyayo zake zikizama topeni. "Bwana," alinong'ona, "kama ninamwonea, nionyeshe. Kama simwonei, nipe nguvu ya kusema."

Hakukaa sana. Joventino alichungulia huku na huku, akatoa shati la buluu, akachana kipande, akaisogelea machela. Alifunga fundo la kwanza. La pili. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

"Acha hapo hapo!" Deuzuite alitoka na panga mkononi. "Unanisomea nini, Joventino? Unaniroga kwa shati la kaka yako?"

Clenir, mke wa Joventino, aliangusha sufuria. Adamor, aliyekuwa ndio kwanza anafunga mashua yake, alipanda ukingoni mbio.

"Nikuroge?" Joventino aligeuka. "Kumbe ni wewe unayevitoa! Mimi siku tatu namlaani panya! Hapa nilikuwa nasema, akinilia na hiki nitamla yeye."

"Panya hajui kufungua mafundo."

"Na wewe hujui kufunga machela! Clenir, lete hilo birika."

"Lina kahawa, baba."

"Basi lete maji!"

Joventino alimimina maji juu ya kamba, karibu na mti. Maji hayakuanguka. Yaliifuata kamba taratibu, chini ya turubai, kama siafu wanaofuata njia yao, yakielekea kwenye machela. Yalipofika kwenye kitambaa yaliteremka kwenye ncha zake, yakadondoka chini, to, to, to. Ng'ambo ya kitambaa halikupita hata tone moja.

"Mvua inapiga mti, mti unaipa kamba, kamba inakupa wewe," alisema. "Kaka alikuwa anafunga utepe wa gome. Hukuwahi kuuona?"

"Niliuona," Deuzuite alisema polepole. "Nilidhani ni mabaki ya kamba."

Adamor aliangua kicheko. "Miaka ishirini na miwili, mama! Ulikuwa unalala au unapepewa?"

"Nyamaza, wewe mwenye mashua inayovuja," Clenir alimkata, naye mwenyewe akicheka.

Deuzuite hakucheka. Alichomeka panga ardhini. "Nisamehe kwa la kitambaa, shemeji. Ila kwa nini usiniambie?"

"Ningekufundisha kufunga machela mbele ya watu, ukiwa bado na huzuni? Niliona haya."

"Sawa. La maji nimelielewa. Sasa nieleze lile la 'si mimi nipo'."

Joventino alitazama moto.

"Mjibu, baba," Clenir alisema kwa sauti ndogo.

"Sitasema sikuwaza kwamba njia ingebaki kwangu," alisema hatimaye. "Nilipokusikia ukikohoa jana, niliwaza. Mara moja."

"Adamor, sogea karibu. Nawe Clenir. Nataka msikie wote wawili akisema njia ni ya nani."

Joventino alivua kofia, mvua ikamwangukia kichwani.

"Mbele ya mke wangu, na mbele ya Adamor, na Mungu ananisikia: njia ya kaka ni ya Deuzuite. Akiugua nitaiokota mimi, na kokwa zote zitakuwa zake; hata akilala misimu mitatu, sitaiita yangu."