Maji Yaliyopanda kwa Hesabu Yangu

Usiku wa kuamkia leo niliota maji yanapanda mlima, na aliyeyapandisha ni mimi.

Ilikuwa zamu yangu ya mfereji. Zamu huja mara moja kwa wiki mbili, na mahindi yangu yalikuwa yanatoa ndevu. Yakikosa maji siku hiyo, basi tena. Nikafungua ndiva, lile bwawa letu la juu. Maji yakatoka, yakasimama kidogo, yakageuka na kuanza kupanda kuelekea kileleni kama mbuzi.

"Nyie maji, mnakwenda wapi?"

"Unakotupeleka, mzee. Tunafuata hesabu."

Nimeganda. Miguuni pangu kuna vigingi viwili nilivyopigilia mwenyewe kupimia mfereji, kimoja juu penye ndiva, kimoja chini shambani. Sijui vimekaribianaje. Kile cha juu kinakohoa.

"Shikamoo, Mzee Senkondo."

"Marahaba." Adabu ni adabu, hata kwa mti.

"Mteremko uliutafutaje?"

"Nimegawanya kimo kwa umbali. Wewe uko kimo cha mita kumi, mwenzako sita. Kumi kutoa sita, nne. Kwa umbali, mwenzako yuko mita ya ishirini, wewe sifuri. Ishirini kutoa sifuri, ishirini. Nne kwa ishirini. Kila hatua tano, moja."

"Kupanda au kushuka?"

"Si inaonekana kwa macho?"

"Maji hayana macho," kinadakia kigingi cha chini. "Kwenye kimo umeanza na huyu, kwenye umbali ukaanza na mimi. Anayetangulia huku ndiye atangulie na kule. Haya, anza na mimi kote."

"Sita kutoa kumi haitoki."

"Inatoka. Kushuka ni hasi. Sema hasi."

Niliacha shule darasa la sita kwa sababu ya hilo neno. Nilimuuliza mwalimu kama amewahi kuchunga mbuzi hasi wanne, akanitoa nje, sikurudi.

"Sisemi," nikasema.

Safu nzima ya mahindi ikakauka papo hapo, kwa mlio wa karatasi.

Sasa niko jikoni kwangu. Mke wangu Nakijwa ameshika mwiko, anatazama makande yakitoka chunguni na kutambaa ukutani kwenda darini. Vigingi vimekaa kwenye mafiga kama wageni.

"Baba Namsifu, umeharibu nini huko?"

"Nimekosea kidogo."

"Kidogo? Chakula kinatukimbia! Sema hilo neno wanalotaka!"

"Mimi nisemeshwe na vijiti?"

Safu ya pili. Niliisikia hadi jikoni.

Nikajifanya mjanja. Nikakinyanyua kigingi cha chini hadi kikalingana na cha juu. Makande yakasimama. Moshi ukasimama. Nje, maji yakalala.

"Hii ni sifuri," kikasema kigingi nilichokishika. "Hapandi mtu, hashuki mtu. Mtakaa hivyo hivyo."

Safu ya tatu ikakauka.

Nakijwa hakupiga kelele tena, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Namsifu atakula nini mpaka mwakani?" akauliza.

Nikakirudisha kigingi mahali pake.

"Hasi nne," nikasema. "Kwa ishirini. Kila hatua tano, kushuka moja."

Maji yote yakateremka kwa mpigo, mimi nikiwa katikati ya njia.

Nikaamka nimekaa.

"Baba Namsifu, umepandaje kitandani na matope?"

Nilikuwa nimeoga kabla ya kulala. Nikatazama. Katikati ya vidole vya miguu kulikuwa na tope bichi.

Nikatoka mbio bila shati. Mfereji umejaa, maji yanashuka taratibu, mahindi ni kijani mpaka mwisho wa shamba, isipokuwa safu tatu za mwanzo. Nikahesabu. Mashina arobaini, arobaini, thelathini na tisa. Mia moja na kumi na tisa, yote makavu. Hilo ni debe moja la mahindi, pungufu kidogo. Kwa nyumba yetu ya watu watatu ni chakula cha siku tisa.