Kidari cha Mzee Tluway

Baba aliacha kusema nami miaka miwili kwa sababu ya mistari miwili ya shairi. Niliitunga mwenyewe, maana ushairi sikufundishwa na mtu, nikaighani kilabuni Karatu mbele ya wazee wenzake:

Baba umeshika jembe, likakushika na wewe,
Mimi nimeshika mwiko, sili ugali na mawe.

Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Baba aliweka kibuyu chini, akaondoka bila kugeuka. Wakati huo nilikuwa mpishi wa hoteli ya watalii juu ya kreta, Ngorongoro, nami nilijiona mtu.

Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, wageni wakaadimika, tukapunguzwa kazi. Nilirudi nyumbani na ujuzi mmoja: kuivisha nyama kwa moshi usiku kucha. Nikapasua pipa la mafuta kwa urefu, nikalitia bawaba, nikamngoja atakayenicheka.

Hakucheka mtu. Baba alikuwa kitandani, tumbo limevimba, mdomoni yamebaki meno matatu. Dada yangu Marsela ndiye aliyekuwa akimwuguza, pamoja na mama. Ijumaa moja alinijia uani.

"Mzee anasema umpikie ile nyama ya wazungu wako. Anataka kidari."

Katika ukoo wetu kidari, nyama ya kifua cha ng'ombe, ni cha baba, na mtoto aliyemkosea ndiye humpelekea. Baba akishaonja, kosa limekwisha. Mimi sikuwa nimepeleka. Baba ameomba mwenyewe.

Niliapa kwamba atakula kidari ambacho hata mabwana wa hoteli hawajakiona. Nilikipaka chumvi na pilipili manga. Saa kumi na mbili jioni nikawasha mkaa upande mmoja wa pipa, nyama nikailaza upande wa pili, mbali na moto, juu ya mkaa nikaweka vijiti vya mzeituni mwitu. Nikafunika. Kazi yote ni uvumilivu: mkaa kidogo, moshi mwembamba, mfuniko usiguswe.

Saa tano usiku Marsela akatoka na kibatari.

"Baba anauliza kama tayari."

"Mwambie asubuhi."

"Raphaeli, njoo umwambie mwenyewe."

"Nikiondoka moto utapanda. Nenda, dada."

Kutoka kwenye pipa hadi kitanda cha baba ni hatua thelathini. Nilizihesabu baadaye.

Kuna saa ambayo kidari hugoma. Kimeshaiva, lakini bado kinavutana kama mkanda wa ngozi, na mpishi mjinga hukitoa hapo. Mimi sikuwa mpishi mjinga. Ndiyo saa aliyorudi Marsela, mara hii anakimbia, kanga imemshuka begani.

"Kata kipande. Kidogo tu, kama ukucha."

"Bado kigumu."

"Hataki kushiba, we! Anataka kuonja!"

"Na meno yale? Nimpe baba yangu ngozi atafune? Kesho waseme mpishi wa kreta alimkaba mzee wake?"

"Nani atasema? Hapa uani tuko mimi na wewe na mbwa."

"Marsela, saa tatu nyingine tu. Nikifungua sasa, joto lote linatoka."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Unampikia baba," akasema, "au unajipikia sifa?"

Nilimgeuzia mgongo, nikaongeza mkaa. Kichwani nilikuwa natunga beti za kumghania baba akishameza: za kumsifu, za kuomba radhi. Zilikuja vizuri mno. Nilikuwa kwenye ubeti wa nne niliposikia mama akilia ndani.

Sikusimama mara moja. Nilikaa nikiangalia moshi, kana kwamba nisiposimama halijatokea.

Kulipopambazuka nilifunua. Kidari kilikuwa cheusi kwa nje, ndani kinachuruzika, kinaachana kwa vidole. Sijawahi kupika kama kile, wala sitapika tena.

Waombolezaji hawaangalii nyama ilipikiwa nani. Walikula. Baba mdogo Clemensi, aliyekuwapo kilabuni siku ile ya shairi, alilamba vidole, akanigeukia.

"Hiki ni kidari. Mzee alionja?"

Wote walijua maana ya swali. Nilifungua mdomo, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nikawa bubu.

"Alionja," Marsela akajibu. "Alionja, akasema mwanangu anajua kazi."

Wazee wakashusha pumzi. Baba mdogo akanipiga bega: "Basi, kijana. Yamekwisha."

Nilimfuata Marsela nyuma ya ghala. Nilitaka kumshukuru, machozi yakanitangulia. Alikuwa anaosha sufuria, hakuinua macho.

"Usinishukuru," akasema. "Nimesema vile kwa ajili yake, asizikwe akiwa mtu aliyenyimwa. Wewe sijakusamehe."

Akaendelea kusugua.