Gari Lililoingia Sebuleni Kubadilisha Matairi

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mziwanda alikuwa akimgeuza mama yake kama anavyomgeuza kila siku. Kwanza humkunja goti, kisha humvusha mkono usiosikia juu ya kifua, kisha huingiza mikono yake chini ya bega na nyonga, huvuta pumzi, na kumvutia kwake. Mama ni mzito. Mziwanda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, ni mwembamba kiasi kwamba shangazi zake humwambia asitoke nje siku ya upepo. Alikuwa amefika katikati ya kazi, mama hajalala ubavu wala chali, gari namba kumi na tisa lilipotoka kwenye runinga na kuingia sebuleni.

Ilitangulia pua, ikaangusha kitambaa cha kufumwa kilichotandikwa mbele ya runinga. Yakafuata magurudumu ya mbele, kisha dereva mwenye helmeti ya njano, kisha vyote vilivyobaki. Gari likasimama kati ya kitanda na meza ya chai, likinguruma.

"Zulia," alisema Mziwanda.

"Zulia litafuliwa," alisema mama, shavu likiwa limebanwa kwenye kwapa la bintiye. "Nimalizie haraka, nione."

Kaka zake watatu walikuwa kwenye kochi na vikombe vyao. Mkubwa ni fundi wa lifti katika maghorofa ya mjini. Anayemfuata ni kinyozi. Wa tatu ni karani katika ofisi ya maji. Walikuja kila Jumapili, kwa sababu katika nyumba ile mbio za magari zilikuwa kama sala. Mama aliuza tiketi kituo cha mabasi mpaka alipostaafu na hakuwahi kushika usukani hata wa baiskeli ya magurudumu matatu. Lakini Jumapili alikaa mbele ya runinga, na mtoto hakuruhusiwa kulia mpaka mzunguko wa mwisho uishe. Aliwajua madereva kwa tabia zao kwenye kona: huyu mwoga, huyu ana hasira, huyu amegombana na mkewe. Mwaka jana, upande mmoja wa mwili wake ulipolala, jambo la kwanza aliloomba ni kitanda kihamishiwe sebuleni.

Dereva aliinua kioo cha helmeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kona ya tatu unaiingia kwa pupa."

"Nimekuelewa, mama. Naomba matairi."

Matairi yalikuwa barazani tangu asubuhi; Mziwanda alidhani ni ya jirani. Kaka watatu waliweka vikombe chini. Fundi Lifti alisukuma jeki na kulinyanyua gari kama anavyonyanyua watu kazini. Kinyozi alishika ya mbele, Karani ya nyuma. Hakuna aliyemgonga mwenzake, hakuna aliyesema ngoja kwanza, hakuna aliyeuliza kwa nini iwe yeye. Gari lilirudi ndani ya runinga chai ikiwa bado inatoa mvuke, na mtangazaji akasema hapo wamefanya kazi nzuri.

"Nyuma kulia ulichelewa," Fundi Lifti alimwambia Karani.

"Nati ilikaza."

"Nati gani haikazi? Ndiyo maana ikaitwa nati."

Mziwanda alikuwa bado amelishika bega la mama. "Kaka zangu, mkimaliza chai, mtanishikia mama kidogo? Mgongo unaniuma, ila si sana."

"Pole, mdogo wangu," alisema Kinyozi, na alimaanisha. "Jichue na ile dawa ya kijani."

"Halafu wewe una mkono mwepesi," alisema Karani. "Sisi tutamvunja."

Tangu hapo gari likawa linakuja kila Jumapili yenye mbio. Jirani alikuja mara moja tu, kuomba sauti ipunguzwe. Mziwanda alijifunza kuviringisha zulia mapema na kuhamisha kochi, na baada ya mbio alifagia vipande vya mpira vilivyorukia hadi jikoni. Hakulalamika. Na yeye alilipenda namba kumi na tisa, alilelewa nalo.

Kaka zake walizidi kuwa hodari. Siku za kazi, ambazo tangu zamani walikuwa wamemweleza kwa upole kwamba hazina nafasi hata ya kupumua, sasa walikutana uani kufanya mazoezi kwa kutumia gari la mizigo la Fundi Lifti. Kinyozi alifunga saluni na kumwacha mteja ana nywele upande mmoja. Karani aliomba ruhusa ofisini, akasema mama yake anaumwa. Walipita sebuleni, wakambusu mama kwenye paji la uso, wakatoka kwenda kuokoa nusu ya sekunde.

Ni mama aliyewaambia kwamba tairi lisilopashwa moto linateleza. Jumapili iliyofuata Mziwanda alitoka kufua mashuka, akakuta matairi manne yamepangwa ukutani, yamefunikwa mablanketi ya mama hadi shingoni, kama yangekuwa na shingo. Mama alikuwa amelala na shuka moja.

"Mama anasikia baridi," alisema Mziwanda.

"Ni muda mfupi tu," alisema Fundi Lifti, akilipapasa tairi kwa kiganja. "Hili bado kidogo."

"Yaache," alisema mama. "Mnataka mwanangu ateleze?"

Mziwanda alivua sweta lake akaifunika miguu ya mama, ambayo ilikuwa baridi kama sakafu.

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na alikuwa amechukua likizo kumwuguza mama. Likizo ilirefushwa, ikarefushwa tena. Safari hii mwalimu mkuu alipiga simu akasema kwamba anampenda sana, ila Jumatatu shule ikifunguliwa asipofika, darasa lake atapewa mwingine. Kilichohitajika ni kaka zake wagawane siku. Mziwanda alizipanga sentensi zake alipokuwa anaosha vyombo, akazikariri, na wakati wa kuzisema zikatoka zimepungua.

"Shule zinafunguliwa," alimwambia Fundi Lifti.

"Watoto wamekaa sana nyumbani, afadhali."

"Mwalimu mkuu amenipigia."

"Mama yule bado yupo? Msalimie."

"Nitamsalimia," alisema Mziwanda.

Kazi yake kwenye gari alipewa baadaye. Mara moja namba kumi na tisa liliondoka na nati moja haijakazwa, likajizungusha kwenye kona ya kwanza, na mama hakula hadi jioni. Alisema lazima awepo mtu wa kusimama mbele na kumzuia dereva mpaka wote wawe tayari. Kaka walitazamana, kila mmoja na kazi yake, wakamkabidhi Mziwanda. Alisimama mbele ya pua ya gari, karibu na dirisha, kiganja mbele, vilevile alivyosimamisha magari ili watoto wake wavuke barabara ya shule. Mkono ukiwa juu, gari halitoki. Ukishuka, linaondoka. Dereva hakuwahi kumpinga.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, namba kumi na tisa lilikuwa la pili. Haikuwahi kutokea tangu mama aanze kulishabikia. Liliingia sebuleni kwa kuyumba kidogo, kaka watatu wakaruka, matairi yakatoka, mengine yakaingia yakiwa na joto la blanketi.

"Tayari!" alisema Kinyozi.

"Tayari!" alisema Karani.

"Tayari, mwachie!" alisema Fundi Lifti.

Mziwanda hakushusha mkono.

"Mwachie, mdogo wangu. Tumemaliza."

Injini ilinguruma. Kwenye runinga gari jekundu lilipita, likafuatwa na la bluu. Mama alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Kaka watatu walikuwa wanatazama upande wa Mziwanda kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mama augue. Kwa hakika walitazama kiganja.

"Mgongo wangu," alisema Mziwanda, "unauma. Na kesho..."

"Pole, pole sana. Tutaongea baada ya mbio."

"Baada ya mbio mnaondoka."

"Sasa leo hatutaondoka haraka! Shusha mkono, tafadhali, tunapitwa!"

"Wa tano," alisema mama kwa huzuni.

Vidole vya Mziwanda vilibaki juu. Dereva alimtazama kwa muda. Kisha akazima injini, akafungua mikanda, akapanda juu ya kiti na kushuka upande wa kitanda. Alivua glavu, akaziweka kwenye meza ya chai, kando ya sukari.

"Nishike wapi, dada?" aliuliza.

"Nyonga. Mimi nashika bega. Usimvute, mwinue kwanza."

Wakakunja goti, wakavusha mkono. Mziwanda akahesabu, wakamgeuza mama kwa pamoja, na mama akageuka kana kwamba alikuwa amejazwa pamba. Mziwanda alishangaa, si kwa ajili ya dereva, bali kwa jinsi kazi ilivyokuwa ndogo ikifanywa na wawili.

"Utapitwa, mwanangu," alisema mama.

"Nimeshapitwa, mama. Hapa unaumia?"

"Hapo? Hapo si sana."

Dereva aliuweka mto sawa nyuma ya mgongo wake. Fundi Lifti alikuwa bado ameshika jeki. Kinyozi alikuwa ameweka mikono kichwani. Karani alitazama saa, kisha runinga, kisha saa. Walikuwa watu wazima watatu wasio na la kufanya, wamelizunguka gari lisilo na kasoro yoyote.

"Mdogo wangu," alisema Fundi Lifti, na sauti yake ilikuwa na upole wa kweli, "hebu sema. Unataka nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mziwanda alipangusa viganja kwenye gauni.

"Nataka mmgeuze mama," alisema. "Ninyi. Kila siku, kwa zamu, mchana wote mpaka nirudi. Nimechoka, na kesho naenda kazini kwangu."

Mtangazaji alikuwa akiuliza namba kumi na tisa liko wapi.

"Haya," Karani alimwambia dereva, akimpa glavu zake. "Ameshasema. Ingia basi, kaka, ingia."