Biti ya Chuma Kigumu

Bi Mwanakuu alipoteleza hamamuni, alilala sakafuni tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, akiugonga mlango kwa kata mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyesikia. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na nyumba za jirani, hapo Mji wa Kale, zimegeuzwa stoo za wafanyabiashara. Mwishowe alijikokota, akainuka mwenyewe.

Kiuno kilipopoa, alinunua kwa muuza vyuma chakavu mshikio wa stenlesi uliotolewa melini, aukaze ukutani apate pa kujishikiza. Lakini vibao vya chuma vya ncha zake havikuwa na matundu ya skrubu. Akaitoa drili ya marehemu, akatia ncha ya kutobolea, biti ya kwanza aliyoiona, akabonyeza. Chuma kikapiga yowe, moshi ukafuka, biti ikageuka buluu na kuwa butu. Kibao kilibaki na mkwaruzo tu.

Akavaa buibui, akaenda mtaa wa Bondeni, dukani kwa Zakariya muuza vifaa vya ufundi.

"Shikamoo, bibi. Fundi amekutuma biti gani?"

"Marahaba. Fundi ni mimi."

Zakariya akaiweka simu chini. Akaigeuzageuza ile biti iliyoungua. "Hii ni ya mbao, bibi. Na stenlesi ukiipasha moto ndiyo kwanza yazidi ugumu." Akatoa sinia la biti. Zile zenye rangi ya dhahabu akazisukuma kando. "Hizi zang'aa, lakini dhahabu yake ni ya juu juu." Akamchagulia mbili za kobalti, madini magumu yasiyoshindwa na moto, nyembamba na nene. "Tangulia na hii nyembamba. Drili izunguke polepole, lakini ukandamize kweli, na mafuta yasikauke. Na awepo mtu wa kukushikia."

"Yupo," akajibu Bi Mwanakuu, upesi mno.

Nyumbani aliufunga mshikio kwa kamba kwenye mguu wa kitanda chake cha samadari, akaweka ubao chini yake. Akatia alama kwa msumari na nyundo, akadondosha mafuta ya cherehani, akaegemea drili kwa uzito wake wote. Safari hii chuma hakikulia. Vinyweleo vya chuma vikajisokota, vikaanguka kimoja kimoja, kisha biti ikatumbukia upande wa pili.

"Umeona?" akasema kwa sauti, akageuka.

Chumba kilikuwa kitupu.

Akapanua matundu kwa ile biti nene, na jioni mshikio ulikuwa umekazwa kwenye ukuta wa hamamu. Binti yake Aida akapiga simu kutoka Maskati, akauliza kama kawaida, "Mama, habari za leo?"

"Njema. Nimetoboa chuma."

Aida akacheka. "Cha nini tena?"

Bi Mwanakuu alitaka kusema ni mchezo tu. Badala yake akasema, "Nilianguka hamamuni, mwanangu."

"Lini? Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungefika saa ngapi?"

Aida akaanza kulia. Mama hakumnyamazisha. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumlilia.

Simu ilipokatika, alikwenda kukoga, mkono mmoja kwenye mshikio. Ulikuwa baridi, na haukutikisika.