Foleni ya Mlango Uliofungwa

Jumanne moja ya Juni 1999 mji wa Karatu ulikuwa na amani kamili, na amani kamili ni kitu ambacho Anneth hakuwahi kukistahimili kwa zaidi ya nusu saa.

Alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda mbele ya duka la mama yake, akilinda vitunguu ambavyo hakuna aliyekuwa na nia ya kuviiba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na kwa kalenda ya shule alipaswa kuwa bwenini, kule kwa masista. Lakini masista walikuwa wamemrudisha nyumbani pamoja na tranka lake. Kosa lenyewe, ukilisikiliza kwa utulivu, halikuwa kubwa. Ijumaa jioni alimwambia kiranja mkuu, kwa uso wa mtu aliyetumwa, kwamba kesho yake kungekuja mgeni rasmi. Basi. Mengine yote waliyafanya wenyewe: walipaka chokaa kila jiwe la njia ya kuingilia, wakafanya mazoezi ya ngonjera, wakachinja mbuzi. Kilichomponza ni yule mbuzi. Mawe yangesamehewa.

Mama yake, Marsela, hakumchapa. Alisema tu, "Jumatatu nitakupeleka mwenyewe nikapige magoti mbele ya Sista Mkuu. Lakini ukifanya ujinga mwingine kabla ya hapo, hata wa ukubwa wa punje ya ngano, tranka hilo nalifanya la kuwekea vitunguu, na wewe utakaa hapa uviuze mpaka uolewe."

Anneth alielewa kwamba hayo hayakuwa maneno ya hasira. Mama alikuwa ameyasema huku akimega ugali.

Kwa hiyo aliapa kutulia, na alitulia kweli, mpaka Marsela alipokwenda sokoni na macho ya binti yakaangukia ule mlango.

Jengo lilikuwa moja lenye milango miwili. Upande mmoja Marsela alipanga, akauza vitunguu, sukari, mafuta ya taa na ndizi za Mto wa Mbu. Upande wa pili ulikuwa duka la ushirika la zamani, mlango wa kijani, kufuli lililoota kutu tangu Anneth akiwa mtoto mchanga. Mama alikuwa amemsimulia mara nyingi jinsi watu walivyopanga foleni pale enzi za uhaba: ukichoka unaweka jiwe mahali pako, unakwenda kunyonyesha au kupika, na ukirudi jiwe limekushikia nafasi. Hakuna aliyeliruka jiwe la mwenzake. Katika habari zote za enzi zile, hiyo ndiyo iliyomfurahisha Anneth kuliko zote. Jiwe linaloheshimiwa kama mtu mzima!

Alitaka tu kuona. Aliweka jiwe mbele ya mlango wa kijani. Nyuma yake tofali, kisha kikapu kilichotoboka, kisha dumu tupu, kisha mawe mengine mawili ya heshima. Akarudi kwenye kreti, akaendelea kulinda vitunguu kwa uaminifu.

Wa kwanza alikuwa Mama Lusia, jirani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipita zake kwenda kusaga. Alipoona mawe alisimama. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Kisha akatua debe lake la mahindi nyuma ya jiwe la mwisho.

"Shikamoo, Mama Lusia."

"Marahaba. Wanatoa nini?"

"Sijui."

"Itakuwa sukari," Mama Lusia akasema kwa uhakika.

"Lakini Mama Lusia, sukari si hii hapa dukani? Gunia zima."

Mama Lusia alilitazama gunia kwa dharau. "Hiyo ni ya bei. Hii ni ya foleni."

Wakaja wawili, wakaja wanne. Kijana mmoja aliamini kuwa kuna hoteli inaajiri. Wengine walisikia vyandarua. Punde mstari ulifika gereji ya jirani, na Anneth akaanza kuona kwamba jaribio lake lilikuwa limefaulu kupita kiasi.

Pale gereji ilikuwepo Land Rover ya watalii iliyovunjika springi ya nyuma kwenye mteremko wa Ngorongoro. Dereva wake, Herbert, mtu wa Marangu, alikuwa amechoka kuliko springi yenyewe. Alikuwa amebeba Wacheki wawili, kaka na dada, Bwana Bohumil na Bi Milena, wote wamepita sitini, na tangu jana yake usiku walikuwa wakiongea kupitia kwake tu.

"Mwambie dada yangu chupa ya maji iko chini ya kiti."

"Mama, chupa iko chini ya kiti."

"Mwambie kaka yangu nina macho."

Usiku uliotangulia, wakiwa ukingoni mwa kreta, Bohumil alikuwa ameropoka kwenye chakula kwamba katika uchaguzi wa mwaka jana alikipigia kura chama cha Wakomunisti. Kile kile kilichomnyang'anya baba yao kinu cha kusagia nafaka na kumpeleka akachimbe migodini. Milena aliweka uma mezani, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Faru waliyemwona asubuhi kila mmoja alimwona kivyake.

Sasa Bohumil aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai akaona watu, mawe na mlango uliofungwa. Akaacha chai. Alivuka hadi mwisho wa mstari na kusimama, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwao. Milena alishuka garini kwa haraka isiyoendana na magoti yake, akasimama nyuma ya kaka yake. Hapo ndipo alipogundua alichokifanya. Alitaka kuondoka, lakini nyuma yake walikuwa wameshajipanga watu watatu, na akashindwa kuitupa nafasi.

Anneth aliona afadhali awahi. Aliwafuata na Kiingereza cha masista. Wao walikuwa na cha kwao walichojifunza uzeeni, na hivyo viwili vikaelewana.

"Mzee, hapa hapana kitu. Nendeni tu."

"Wanauza nini?"

"Hata mimi sijui."

"Vizuri sana!" Bohumil akasema. "Na sisi tulikuwa hatujui. Unasimama kwanza, unauliza baadaye. Mke wangu nilimpata kwenye foleni ya nyama, binti. Nilikwenda kuvuta sigara, akanishikia nafasi. Siku hizi duka limejaa kila kitu, na jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina."

"Mwambie," Milena akamgeukia Herbert, kisha akamsahau Herbert, akamgeukia kaka yake mwenyewe. "Mwambie mtoto kwamba mkeo alisimama na mimba ya miezi minane!"

"Alipewa kiti!"

"Na nani? Na mimi! Nilikibeba kutoka nyumbani!"

"Si ndicho ninachosema? Siku zile watu walibebeana viti!"

Herbert aliketi kwenye tairi na kufumba macho. "Asante Mungu," alisema. "Wanagombana wenyewe kwa wenyewe."

Waligombana kwa Kiingereza, kwa sababu sasa walikuwa na wasikilizaji. Milena alisema alifaulu kwenda chuo kikuu akakataliwa kwa kuwa baba yake aliwahi kumiliki kinu. Bohumil alisema yeye alipewa kazi na nyumba, na hakuna aliyelala nje, mpaka ulipokuja huu uhuru, kiwanda chake kikauzwa, mashine alizozipaka grisi miaka thelathini zikapimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

"Nani aliyeziuza?" Milena akauliza. "Jana katibu wa chama chako, leo mwenye kiwanda! Mtu yule yule, tumbo lile lile!"

"Basi nawe unakubali kwamba sasa ni wezi!"

"Nasema walikuwa wezi tangu mwanzo!"

Anneth alisikiliza mpaka kichwa kikamzunguka. Darasani jambo hili lilikuwa jepesi. Siasa ya ujamaa ilikuwa na faida tano na hasara tano. Unazikariri, unaziandika, unapata alama zako. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba faida na hasara zinaweza kuwa kiti kimoja.

Akamkimbilia Mama Lusia. "Mama Lusia, kwani enzi zile za kwetu, zilikuwa nzuri au mbaya?"

"Swali gani hilo? Tulihamishwa kwa lori, nyumba yangu ikabomolewa naona kwa macho yangu. Nililia mpaka sauti ikakauka. Tulikopelekwa ndiko nilikojifunza kusoma." Mama Lusia alilisogeza debe lake kwa mguu. "Sasa nilaani au nishukuru? Ukipata jibu uniletee. Na huyu mzungu mwambie asisukume."

Hapo Anneth alitupa jicho mwisho wa mstari. Marsela alikuwa amerudi. Alikuwa na kapu la nyanya kichwani, na hakuwa akielekea dukani kwake. Alikuwa amejipanga.

"Wanatoa nini?" Marsela alimuuliza wa mbele yake, shingo ndefu.

Swali lilisafiri mbele mtu kwa mtu. Jibu likarudi limekuwa sukari, vyandarua, ajira na, kwa sababu zisizojulikana, mbolea. Mama Lusia akaona imetosha. Aliruka mawe kwa heshima, akagonga mlango. Kimya. Akashika kufuli, likamwachia kutu nyekundu kiganjani.

"Nani wa kwanza hapa?"

Wa kwanza alikuwa jiwe.

"Jiwe la nani?"

Watu walilitazama jiwe. Kisha, mmoja baada ya mwingine, walimgeukia msichana aliyekuwa amerudi kwenye kreti yake na kuhesabu vitunguu kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana Karatu.

"Anneth," mama yake akaita. Hakupaza sauti. "Mgeni rasmi wa leo ni nani?"

Wengi walicheka na kwenda zao wakitikisa vichwa. Yule kijana wa ajira hakucheka. Mama Lusia alisema atazungumza baadaye, akalibeba debe lake. Wacheki walibaki, na Herbert akalazimika kuwatafsiria maneno ya Marsela, hadi ile hukumu ya tranka na vitunguu.

"Aadhibiwe," Milena alikuwa wa kwanza kusema, amepauka kwa hasira. "Amecheza mahali ambapo watu walilia. Mimi nililia kwenye foleni."

"Apewe nishani," Bohumil akasema. "Sijacheka hivi tangu kiwanda kifungwe."

Anneth akajua yupi ni wakili wake. Lakini Herbert alipofika kwenye neno shule, Milena aliinua mkono.

"Shule? Hapana. Mchape, mnyime chakula, lakini shule usimfungie. Mimi nilifungiwa. Usimfanyie mtoto kitu hicho, mama, nakuomba."

"Na kuuza vitunguu kuna aibu gani?" Bohumil akauliza, ghafla amekuwa mkali. "Kazi ni kazi. Sisi wanafunzi tulipelekwa mashambani kuvuna viazi, ikatutengeneza. Abaki hapa mwaka mmoja."

"Ikakutengeneza wewe hivyo ulivyo!"

"Mzee, si ulisema nishani?" Anneth akalalamika.

"Nishani, halafu vitunguu!"

Anneth alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliyemchukia alikuwa anamtetea, na aliyempenda alikuwa anampeleka shambani.

Marsela hakuwasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kijani, kiganja chake juu ya mbao.

"Nilikuwa nimesimama hapa," alisema, "na wewe tumboni. Jiwe langu lilikuwa lile pale karibu na mtaro, jeusi. Zamu yangu ilipofika, sabuni ikaisha. Mlango ukafungwa puani kwangu." Uso wake ulianza kucheka na haukumaliza. "Na leo nimejipanga tena kama mjinga. Mwanamke mwenye duka lake!"

"Mama, nisamehe."

"Simama hapo. Nyuma ya jiwe lako. Mpaka niseme."

"Nangoja nini?"

"Hata mimi sikuwa naambiwa."

Springi ilipotengemaa Wacheki waliondoka. Walikaa kiti kimoja, madirisha wazi, na ugomvi wao ulisikika mpaka gari lilipoingia barabara ya Arusha. Herbert alipunga mkono kama mtu anayepelekwa hospitali.

Anneth alisimama. Baridi ya Juni ilishuka kutoka msituni. Wapita njia walimuuliza wanatoa nini, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na uongo tayari. Alijaribu kuwaza kama enzi zile zilikuwa nzuri au mbaya, akafika kwenye kile kiti, akarudi mwanzo. Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyuma ya pazia la duka: alisikia mama akiburuta tranka sakafuni, kisha akasikia vitunguu vikimiminwa. Alishindwa kujua vinamiminwa ndani au nje.

Jua lilikuwa bado juu ya shamba la ngano Marsela alipotoka. Alikuwa na tranka kichwani. Alilitua nyuma ya jiwe, mahali pale pale Anneth alipokuwa amesimama, akalinyoosha lifuate mstari. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na kipande cha sketi ya shule kilikuwa kimechungulia pembeni.

"Linakushikia nafasi," alisema. "Njoo ule."

"Nafasi ya nini, mama?"

"Ya Jumatatu."

Waliingia ndani. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alilitazama tranka, akautazama mlango wa kijani, akashuka, akaegemeza baiskeli yake, akasimama nyuma.